Mtoto mkimya si lazima apelekwe kukimbia peke yake

Wiki hii nimeulizwa tena. Mama mmoja kaja na mwanawe wa miaka kumi, hata kuketi hajaketi, ananiambia: "Mwalimu, huyu wangu mkimya, hapendi kukaa na watu. Mpime uniambie tumpeleke kuogelea au riadha, maana mpira hautamfaa." Na mtoto yupo pale pale, anasikiliza. Nimeyasikia maneno hayo kwa wazazi, kwa makocha, hata kwa wenzangu wa saikolojia ya michezo ambao wangepaswa kuwa waangalifu zaidi. Leo nayajibu kwa maandishi.

Imani hii, kwamba hulka ya mtoto ndiyo inayoamua mchezo wake, haikuzuka hivi hivi, nakubali. Wachezaji wa timu wakijaza dodoso la sifa kuu tano za hulka, wastani wao wa uchangamfu kwa kawaida huwa juu kidogo kuliko wa wenzao wa michezo ya mtu mmoja mmoja. Kipimo cha kusaka msisimko, yaani hamu ya mambo mapya na ya hatari, alichokianzisha mwanasaikolojia Marvin Zuckerman mwaka 1964 kimewakuta warukaji wa parashuti na wapanda miamba wakiwa na alama za juu mara nyingi. Watafiti Rhodes na Smith walipojumlisha tafiti mwaka 2006, uchangamfu uliendana na kufanya mazoezi kwa uwiano wa takriban 0.23 (0 ni kutohusiana, 1 ni kuendana kikamilifu), umakini 0.20, na wepesi wa wasiwasi -0.11, yaani huo ulienda kinyume. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu ni jinsi namba hizo zinavyotumiwa. Zidisha 0.23 kwa yenyewe: unapata kama asilimia 5 ya tofauti zilizopo kati ya watu. Nyingine zote zina vyanzo vingine, kama vile umbali wa uwanja, mchezo anaoucheza rafiki yake, mwili aliozaliwa nao, na kama kocha wa kwanza alikuwa mwalimu au mfokaji. Na hiyo ni kwa mazoezi kwa jumla, bado hatujagusa swali la mchezo upi. Wastani wa kundi unalieleza kundi. Ukimchukua mtoto mmoja ukamhukumu kwa wastani huo, umebahatisha tu, hata kama una karatasi yenye grafu mkononi.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi hasa. Watu huchanganya ukimya na woga wa kutazamwa. Mkimya ni yule anayechoshwa na maneno mengi na makundi makubwa, na huyo yuko upande wa chini wa mstari wa uchangamfu. Mwoga wa kutazamwa anaweza kutamani sana kuwa na wenzake, ila moyo unamwenda mbio macho yakimgeukia, na huyo yuko zaidi upande wa juu wa mstari wa wasiwasi. Kwa nje wanafanana, wote wawili hawasemi. Ukimpeleka yule mwoga kwenye mchezo wa mtu mmoja, umemweka mahali panapomtisha zaidi: jukwaa zima linamwangalia yeye, hana wa kumpa pasi, na kosa lake linasomwa kwa jina lake. Jimnastiki ni hivyo, tenisi ni hivyo. Uwanjani kwenye mpira kuna wenzake kumi wa kugawana nao macho hayo.

Mkimya halisi naye anaweza kustawi kwenye timu kuliko watu wanavyodhani. Uwanja haumdai mazungumzo. Kazi imegawanywa, kila mtu anajua anasimama wapi, na pasi nzuri inatosha kuwa salamu. Wapo wanaoshindwa kabisa kukaa sherehe moja lakini wanacheza kikapu na watu wale wale miaka mingi kwa furaha. Tena hii "michezo ya peke yako" ni ya peke yako siku ya mashindano tu. Muogeleaji hufanya mazoezi kwenye njia moja ya bwawa na wenzake asubuhi baada ya asubuhi, na wakimbiaji wa masafa marefu hukimbia kwa makundi. Kwa upande wa pili, kipa yuko ndani ya timu na anamaliza dakika 90 akiwa mpweke kuliko wote.

Hata hilo la msisimko limevunjika vipande. Watafiti Barlow, Woodman na Hardy walionyesha mwaka 2013 kwamba warukaji wa parashuti husaka msisimko kweli, lakini wapanda milima mirefu husukumwa zaidi na haja ya kuzimudu hisia zao na kuhisi kwamba maisha yako mikononi mwao. Hatari zinafanana kwa nje, sababu ni mbili. Na msiniletee mchoro wa siwa barafu wa mwanasaikolojia William Morgan, ule unaoonyesha wanamichezo bora wakiwa na nguvu nyingi na huzuni au hasira kidogo, kama ushahidi wa hulka. Ule ulipima hali ya moyo, ambayo hubadilika wiki hadi wiki.

Kuna mashaka ambayo vitabu vyetu huyapitia haraka. Tunawapima waliobaki mchezoni. Walioacha hawapo kwenye karatasi zetu, kwa hiyo mara nyingi hatuwezi kutenganisha mchezo uliomjenga mtu na mtu aliyeuchagua mchezo. Dodoso la mtoto likijazwa na mzazi, linaeleza mtoto wa sebuleni. Nami niliwahi kumwambia kocha kwamba binti fulani ana umakini mdogo, akawekwa kando. Baadaye nikagundua alijaza fomu ile katikati ya wiki ya mitihani, hajalala. Tangu siku hiyo sitoi alama za hulka kwa anayechagua wachezaji.

Yule mtoto sikumpima. Nilimuuliza anataka nini. Akasema, taratibu, "Mpira. Ila sitaki kupiga penalti ya kwanza." Nikamwambia mama ampeleke mpirani miezi mitatu, na amwombe kocha asimtoe mbele ya wenzake kuonyesha zoezi mpaka mwenyewe anyooshe mkono.