Utafiti wa kitabibu ni nini, na mbona wagonjwa wanapigiwa kura?

Jirani yangu hapa Umoja alikuwa na mtoto wodini, nesi akamletea karatasi asaini ya utafiti, akakataa hapo hapo juu kwake hilo neno ni mtoto kugeuzwa panya wa kujaribia dawa. Simlaumu, hakuna mtu alikaa chini akamwelezea.

Utafiti wa kitabibu ni kuuliza swali kuhusu matibabu, mnafuata wagonjwa wenyewe, mnahesabu nani amepona na nani amezidiwa. Na si lazima iwe dawa mpya. Mara nyingi swali ni kuhusu kitu hospitali zinafanya kila siku na hakuna mtu ashawahi kukipima vizuri.

Chukua dripu. Kwa miaka mingi mtoto akiletwa na homa kali, mikono na miguu baridi, damu haizunguki sawasawa, mwongozo ulikuwa apewe maji mengi ya dripu haraka haraka, na kila mtu aliona ni sawa. Sasa kuna utafiti unaitwa FEAST ulifanywa Kenya, Uganda na Tanzania, watoto zaidi ya 3,100, wengine wakapewa hayo maji ya haraka na wengine dripu ya polepole tu. Matokeo yalitoka 2011. Ndani ya saa 48, waliopewa maji ya haraka walikufa karibu 11 kwa kila 100, wale wengine 7. Yaani kitu tulidhani kinaokoa kilikuwa kinaua, na usajili wa watoto ukasimamishwa kabla ya muda wake. (Watoto wa kuhara na kuishiwa maji hawakuwa kwa huo utafiti, hao dripu bado wanaihitaji.) Mimi nikifikiria hizo namba huwa natulia kwanza.

Sasa hiyo kura. Nani aingie kundi gani haiamuliwi na daktari, ni bahati nasibu, na hapa ndipo watu wanakasirika. Lakini fikiria daktari angechagua mwenyewe, angewapea maji wale wako hali mbaya zaidi, halafu wakifa wengi utajuaje ni maji ama ni vile walikuja wameshaumia? Kura inawachanganya walio hoi na walio nafuu pande zote mbili, kwa hivyo tofauti ikitokea mwishoni unajua imeletwa na matibabu.

Saa zingine kura inapigiwa hospitali nzima. Utafiti mwingine unaitwa E-MOTIVE, uliotoka 2023, ulichukua hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Hospitali za kundi moja zikaendelea kama kawaida, za kundi lingine, badala ya kukadiria kwa macho damu ya mama aliyejifungua, wakamwekea plastiki yenye alama za kupimia, na damu ikipita kiwango anapewa matibabu yote kwa pamoja, dawa zenyewe zikiwa zile zile za zamani. Kwa hilo kundi la plastiki madhara makubwa ya kuvuja damu yakapungua kwa 60%.

Ukiletewa hiyo karatasi uliza wanatafuta nini, makundi ni gani, na kamati gani ya maadili (wale wanaokagua utafiti usiumize wagonjwa) imepitisha. Unaweza kukataa, unaweza kusaini leo na kesho utoke, na matibabu ya kawaida yanaendelea vile vile. Namba ya simu ya hiyo kamati inafaa kuwa imeandikwa kwa karatasi yenyewe, na nakala moja ubaki nayo.