Meshi si kila kisanduku kinachoongeza waifai

Siku hizi kifaa chochote kinachochomekwa ukutani ili waifai ifike chumba cha mwisho kinaitwa meshi. Muuzaji anakiita meshi, fundi anakiita meshi, na aliyekinunua anawaambia wenzake kwamba nyumbani kwake sasa kuna meshi. Baada ya siku chache anaanza kulalamika: kwenye simu mistari ya waifai imejaa, lakini video inakwama vilevile. Anashauriwa aongeze kisanduku kingine, naye anaongeza, na hali inazidi kuwa mbaya. Nimeyasikia haya mara nyingi mno, na chanzo chake karibu kila mara ni kwamba vitu vitatu tofauti vimepewa jina moja.

Maana yenyewe ni fupi. Ripita ni kifaa kinachopokea mawimbi ya ruta na kuyatangaza upya. Aksesi pointi ni kituo cha waifai kilichounganishwa na ruta kwa waya. Meshi ni mfumo wa vituo kadhaa vya waifai vinavyosimamiwa kama kitu kimoja na vinavyoweza kupitishiana data vyenyewe kwa vyenyewe, kila kimoja kikichagua njia iliyo bora ya kurudi kwenye ruta yenye intaneti. Kwa nje havitofautiani. Vipo hata visanduku ambavyo kimoja hichohicho kinaweza kufanya kazi yoyote kati ya hizo tatu, kutegemea ulivyochagua kwenye mipangilio yake.

Kinachovitenganisha ni njia ya kurudi, na hapa ndipo nataka tukae.

Ukiwa chumbani, simu yako inaongea na kisanduku kilicho karibu nawe. Hiyo ni safari ya kwanza. Kisanduku nacho lazima kizifikishe data kwenye ruta, maana chenyewe hakina intaneti. Hiyo ni safari ya pili. Mistari unayoiona juu ya kioo cha simu inapima safari ya kwanza peke yake. Haijui chochote kuhusu ya pili. Kisanduku kikiwa mezani kwako mistari itajaa, hata kama chenyewe kinasikia ruta kwa shida kupitia kuta tatu. Ndiyo maana mtu ana mistari yote na hana kasi, na anabaki kuilaumu kampuni ya intaneti.

Tazama kinachotokea ndani ya ripita yenye redio moja. Redio ya waifai haisikilizi na kusema kwa wakati mmoja kwenye chaneli ileile. Ripita ni kama mtu aliyesimama mlangoni akipeleka maneno ya walio ndani kwa walio nje: akiwa anasikiliza hasemi, akiwa anasema hasikilizi, na kila neno linatamkwa mara mbili. Kila pakiti ya data inapita hewani mara mbili kwenye chaneli moja, kwa hiyo kasi inashuka hadi karibu nusu, na hiyo ni kabla hujahesabu udhaifu wa mawimbi yenyewe. Ukipachika ripita ya pili inayoitegemea ya kwanza, zinakuwa safari tatu kwenye hewa ileile. Ripita zenye redio mbili hupunguza hasara hii kwa kupokea kwenye masafa ya 5 GHz na kutoa kwenye 2.4 GHz, au kinyume chake, lakini si zote zinazopangwa hivyo.

Kisha kuna suala la mahali, ambalo ndilo linaloharibu ripita nyingi. Watu huichomeka kwenye chumba kisichopata waifai. Chumba kisichopata mawimbi hakiwezi kuipa ripita mawimbi ya kutangaza. Inatakiwa ikae mahali ambapo ruta bado inasikika vizuri, ili chumba kibaya kifikiwe na sauti yake.

Ili kujua mahali hapo, achana na mistari na upime kwa namba. Programu nyingi za simu za kupima waifai zinaonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, namba yenye alama ya kutoa. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Karibu na ruta utaona -40 hivi. Kufika -67 mafundi wengi huchukua kwamba simu ya sauti au ya video bado itaenda bila kukatika. Kwenye -80 ni bahati nasibu. Namba hizi hazishuki kwa hatua sawa kama za rula: kila ukipungukiwa 3 nguvu imebaki nusu, na kila ukipungukiwa 10 imebaki sehemu moja ya kumi. Toka -60 hadi -80 umebakiwa na sehemu moja ya mia. Tembea na simu kutoka kwenye ruta kuelekea chumba kinachosumbua, uangalie namba inavyoshuka. Hapo inapofika -60 hadi -65 ndipo pa kuweka kisanduku. Mara nyingi ni kwenye korido, mbali kabisa na pale watu wanapopenda kukiweka.

Sasa meshi. Wazo lake ni la zamani kuliko waifai. Mwaka 1964 Paul Baran wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, alieleza mtandao wa mawasiliano ambamo kila kituo kimeunganishwa na majirani kadhaa, ili vituo vingine vikiharibiwa ujumbe ujitafutie njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa chuo kikuu cha MIT waliweka antena za waifai juu ya mapaa ya nyumba mjini Cambridge, Massachusetts, katika mradi ulioitwa Roofnet, na data ikawa inaruka kutoka paa hadi paa kwa njia iliyo nafuu kwa wakati huo. Kompyuta ndogo za XO za mradi wa One Laptop per Child, zilizoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007, zilitumia rasimu ya kiwango cha meshi ili laptopu za watoto ziunganishane zenyewe hata pasipo ruta. Kiwango hicho, 802.11s, kilikamilika mwaka 2011. Kwenye nyumba za kawaida jina hili lilienea hasa kuanzia 2016, vilipoingia sokoni vifaa kama eero na Google Wifi.

Katika historia yote hiyo, kiini cha meshi ni kuwa na njia zaidi ya moja. Kituo kikizimika, data inapita kwingine. Basi hesabu njia zilizopo kwenye nyumba yenye visanduku viwili, kimoja kwenye modemu inayoleta intaneti na kingine chumbani: ni moja tu. Hakuna cha kuchagua. Kisanduku cha pili kikirudi kwa cha kwanza kupitia hewani, basi kwa upande wa safari ya data hiyo ni ripita, hata kama kwenye boksi pameandikwa meshi kwa herufi kubwa. Ukifika visanduku vitatu au vinne vilivyotawanyika ndipo uchaguzi wa njia unapoanza kuwa na maana.

Sisemi kwamba visanduku viwili vya meshi ni hasara. Unapata usimamizi wa pamoja: nywila unaibadilisha mara moja, masasisho yanaingia kote, na chaneli zinapangwa bila wewe kuhangaika. Na vilivyo vizuri zaidi vina redio ya tatu inayotumika hasa kwa safari ya pili, kwa hiyo mazungumzo ya visanduku hayagombanii hewa na simu zako. Redio hiyo ya tatu ndiyo ya kuulizia dukani. Uliza pia kama mfumo unafuata EasyMesh, kiwango kilichotolewa mwaka 2018 na Wi-Fi Alliance, umoja wa kampuni za waifai, ili vifaa vya watengenezaji tofauti vielewane. Mifumo mingi inatumia lugha yake yenyewe, na kisanduku cha kampuni nyingine ukikileta baadaye hakitaingia kwenye meshi hiyo.

Jambo jingine linalosemwa vibaya ni kuhama. Utasikia kwamba meshi inakuhamisha kutoka kisanduku hadi kisanduku ukiwa unatembea, na ripita au aksesi pointi haziwezi. Kwenye waifai anayeamua kuhama ni simu. Mitandao ya simu ya 4G hufanya kinyume: mtandao ndio unaoiamuru simu ihame mnara. Meshi inaweza kuisaidia simu kwa viwango vya 802.11k, 802.11v na 802.11r, yaani kuionyesha vituo vya jirani, kuishauri ihame na kufupisha uthibitisho wa nywila, lakini uamuzi unabaki kwa simu. Ndiyo sababu unaweza kuingia chumbani penye kisanduku na simu ikaendelea kung'ang'ania ruta ya sebuleni kwa mstari mmoja. Kuzima waifai ya simu na kuiwasha tena kunaitoa huko. Na jina moja la mtandao nalo si mali ya meshi: aksesi pointi mbili za kawaida ukizipa jina lilelile, nywila ileile na aina ileile ya usalama, simu itahama kati yake pia.

Tumefika kwa aksesi pointi, ambayo haisemwi na inayostahili kusemwa kwanza. Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e unabeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na hausumbuliwi na kuta. Ukishavuta waya mmoja kutoka kwenye ruta hadi upande wa pili wa nyumba, safari ya pili imeondoka hewani kabisa, na hewa yote imebaki kwa simu na kompyuta. Visanduku vya meshi navyo vikiunganishwa kwa waya hufanya kazi vizuri kuliko vikiachwa hewani, na hapo, kwa maana halisi, vimekuwa aksesi pointi zenye msimamizi mmoja.

Huhitaji hata kununua kifaa kipya. Ruta ya zamani inatosha, ila kuna namna ya kuiweka. Ingia kwenye mipangilio yake, zima DHCP ili ruta kuu ibaki ndiyo pekee inayogawa anwani, uipe anwani yake isiyogongana na ya mwingine (kama kuu ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2, na uhakikishe haimo kwenye zile zinazogawiwa), kisha chomeka waya kwenye tundu la LAN, yaani mojawapo ya yale ya kuunganishia kompyuta. Wengi huchomeka kwenye tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti, kwa sababu lina rangi yake na limekaa peke yake. Intaneti inapatikana, kwa hiyo wanadhani kazi imekwisha, kumbe wameunda mtandao wa pili ndani ya wa kwanza, na printa iliyo upande mmoja haionekani kwa urahisi upande wa pili. Mwisho, kwenye 2.4 GHz ziwekee ruta hizo mbili chaneli tofauti kati ya 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani.

Kagua na waya wenyewe. Ndani yake kuna nyuzi nane. Gigabiti inazihitaji zote, lakini megabiti 100 zinatosheka na nne. Uzi mmoja ukikatika au ukibanwa vibaya kwenye kichwa, mara nyingi kiungo hakifi, kinashuka hadi 100 kimyakimya. Mtu analipia kasi ya megabiti 300, anapima, anapata 94 kila siku, na anafikiri ruta imechoka. Ukiona kipimo kinagota hapo chini kidogo ya 100 bila kuvuka, shuku waya kwanza.

Kabla ya yote hayo, pima kasi ukiwa umeunganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya. Ikiwa hata hapo ni ndogo, tatizo liko kwenye intaneti inayoingia na hakuna kisanduku kitakachoongeza kisichokuwepo. Ikiwa ni nzuri, jaribu kuihamisha ruta: itoke nyuma ya televisheni, ipande juu, isogee katikati ya nyumba, na iepukane na zege lenye nondo, kioo kikubwa cha kujitazamia na tangi la maji. Masafa ya 5 GHz yana kasi lakini kuta yanaziogopa kuliko 2.4 GHz, na haya ya 6 GHz yaliyokuja na toleo la waifai liitwalo Wi-Fi 6E yanaziogopa zaidi.

Basi mwenzako akikuambia ameweka meshi, muulize kwa upole kisanduku cha pili kinarudi vipi kwenye ruta. Akisema kwa waya, ana aksesi pointi, na yuko vizuri. Akisema kina redio ya tatu kwa ajili ya safari ya kurudi kwenye ruta, hapo inategemea tu kimewekwa wapi. Akisema kimechomekwa tu chumbani kule mwisho na kinashika chenyewe, hiyo ni ripita. Mwambie akirudishe kwenye korido, mahali simu inaposoma -65 au namba iliyo karibu zaidi na sifuri, apime tena kabla hajanunua cha tatu.