Umati si umma: fedha za kitabu cha picha zinatoka kwa nani

"Kitabu changu cha picha kimepata ufadhili wa umma!" aliandika mwandishi mmoja juzi. Wa kwanza kumjibu aliipongeza serikali. Wa pili aliuliza nakala zitagawiwa shule zipi. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenikalisha kitako niandike haya, alisema kwamba kama ni fedha za umma basi kitabu ni cha wote, faili liwekwe mtandaoni kila mtu apakue bure. Kwa maneno aliyopewa, hakukosea hata kidogo.

Serikali haikutoa hata senti. Mwandishi alifungua kampeni mtandaoni, akaonyesha michoro michache, akataja kiasi anachohitaji na siku ya mwisho, na watu wengi wasiojuana wakatoa kidogo kidogo kwa ahadi ya kutumiwa nakala kitabu kikishatoka. Dhana yenyewe ni hiyo tu. Kilichoniudhi ni jina.

Neno "umma" katika Kiswahili cha leo limekaa upande wa dola: fedha za umma, mali ya umma, mtumishi wa umma. "Umati" limebaki barabarani na viwanjani: watu wengi waliokutana bila kuteuliwa na yeyote, na kesho wametawanyika. Kinachochekesha ni kwamba maneno haya ni pacha. Yote mawili ni neno moja la Kiarabu lenye maana ya jumuiya au taifa. Ukilitamka peke yake na kutua hapo, ile t ya mwisho haisikiki, unabaki na umma. Ukiliunganisha na neno linalofuata, t inarudi, ummat. Kiswahili kikayapokea matamshi yote mawili, na la pili bado lina harufu ya kwao katika "umati wa Muhammad", yaani wafuasi wa Mtume. Baadaye ndugu wakagawana urithi, mmoja akaingia ofisini na mwingine akabaki nje mlangoni. Kwa hiyo anayesema "ufadhili wa umma" ana hoja, ila imechelewa kwa karne kadhaa. Wasemaji wa Kiingereza nao, walipojiundia neno la jambo hili mwaka 2006, crowdfunding, waliunganisha umati na kugharimia. Umma wao waliuacha ulipokuwa.

Umma nimemalizana nao. Ufadhili ndio unaoniuma zaidi.

Kufadhili ni kutenda hisani, kumpa mtu kitu asichokudai. Ndiyo maana wahenga walituonya: mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. (Kwa wapenzi wa sarufi, "mfadhili" wa methali hiyo si mtu, ni amri: mtendee wema mbuzi.) Sasa mwite msomaji wako mfadhili halafu uone kinachofuata. Kitabu kikichelewa miezi mitano naye akauliza, ataonekana anasimanga, anadai malipo ya wema wake. Nimeona mwandishi akijibu hivyo hivyo: "Kumbe ulinisaidia ili unisumbue?" Hakukusaidia. Alitoa fedha akaahidiwa kitabu, na sasa anauliza kiko wapi.

Basi ni mnunuzi? Karibu, lakini hapana, na hapa historia inasaidia kuliko kamusi. Mshairi Mwingereza Alexander Pope alipotaka kuitafsiri Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki, kwa Kiingereza, aliwaomba watu wajiandikishe mapema: gini 6, sarafu za dhahabu za enzi hizo, kwa mabuku 6, ambayo yalitoka kati ya 1715 na 1720. Mamia walijiandikisha, na orodha ya majina yao ikachapishwa humo humo kitabuni. Mwaka 1885 Joseph Pulitzer, mwenye gazeti huko Marekani, aliwachangisha wasomaji wake ili kijengwe kitako cha Sanamu ya Uhuru, New York. Zilipatikana dola zaidi ya 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 120,000, wengi wao wakitoa chini ya dola moja. Hawa walipata nini? Jina gazetini. Wale wa Pope walipata mabuku. Siku hizi mambo haya mawili hutiwa kapu moja, na hapo ndipo tunapopotezana. Kitabu cha picha ni cha ukoo wa Pope.

Ila anayetoa fedha huingia na hatari. Kickstarter, mtandao wa kuendeshea kampeni za namna hii uliofunguliwa mwaka 2009, ulilazimika mwaka 2012 kuwakumbusha watu kwamba wao si duka: kitu hakipo rafuni, bado kinatengenezwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania uliotolewa mwaka 2015 ulikuta kwamba asilimia 9 ya miradi iliyopata fedha huko haikuwafikishia watu walichoahidiwa. Mteja wa dukani hakubaliani na hatari ya namna hiyo. Huyu wetu anakubaliana nayo, na ndiyo maana nalipenda neno "kuchanga": kila mmoja anaweka chake ili kipatikane kitu ambacho peke yake asingekipata, na kikipatikana ana fungu lake. Karata nazo huchangwa, na mle hujui utapewa ipi. Pengine mfano huo si mbaya.

Kwa nini vitabu vya picha hasa? Kwa sababu riwaya unaweza kuichapa nakala moja moja kadiri zinavyoagizwa, na bei ikavumilika. Kitabu cha rangi tupu, karatasi nzito, jalada gumu, ukikichapa hivyo kila nakala inakula faida yote. Njia ya nafuu ni mitambo mikubwa ya ofseti, ambayo hutaka bamba moja kwa kila rangi kati ya nne, na kuiandaa hugharimu kile kile uchape nakala kumi au elfu. Hata kurasa haziongezwi kwa matakwa ya hadithi. Vitabu hivi vingi vina kurasa 32 kwa sababu karatasi kubwa ikikunjwa hutoa kurasa 16, na mbili zinatosha. Ukurasa wa 33 hauna pa kukaa. Kabla ya yote hayo kuna mchoraji aliyeinama mezani miezi kadhaa, naye anakula kila siku. Fedha zote hizi zinatakiwa kabla nakala ya kwanza haijaonekana. Mzigo huo kwa kawaida hubebwa na mchapishaji. (Mchapishaji, tafadhali, si mpiga chapa. Lakini hiyo ni vita ya siku nyingine.) Anayejichapishia hana wa kumbebea, ndipo anapougeukia umati.

Ndiyo maana pia sharti la Kickstarter la kupata zote au kukosa zote, linalowakera wengi, lina akili: lengo lisipofikiwa, hakuna anayekatwa fedha. Nusu ya fedha haichapi nusu ya kitabu. Lengo likifikiwa, mtandao unachukua asilimia 5, bado ada za malipo, bado usafirishaji, na vitabu ni vizito. Anayepiga hesabu ya uchapaji peke yake ndiye baadaye anayewajibu wasomaji wake kwa hasira.

Yule mwandishi nilimwandikia pembeni, kwa upole. Nilimpendekezea "uchangishaji wa umati", au kama hapendi istilahi, aseme tu kwamba kitabu kimechangiwa na wasomaji wake. Alishukuru sana. Jioni tangazo lilikuwa limerekebishwa: "Kitabu changu cha picha kimepata ufadhili wa umati!"

Umma umeondoka, ufadhili umebaki. Nimemwachia.