Kebo haileti mtandao? Usikimbilie kupiga Windows

Dhana potofu: Mtandao wa kebo ukikata, dawa ni kupiga Windows upya (kuifuta na kuiinstoli tena)

Hii nimeisikia mno, na inaniuma kwa sababu kuna watu wamepoteza picha za watoto wao na kazi za miaka kwa tatizo ambalo halikuwa kwenye Windows hata kidogo. Mteja anabeba mashine peke yake hadi kwa fundi, kebo na ruta ameviacha nyumbani, anaomba Windows mpya. Nikiichomeka kwenye kebo yangu, mara nyingi mtandao unaingia hapohapo. Maana yake kompyuta ni nzima na ubovu uko kule nyumbani: kwenye kebo, kwenye plagi ya RJ45 (kile kichwa cha plastiki mwishoni mwa kebo), au kwenye tundu la ruta. Hakuna Windows inayoweza kuunga waya uliokatikia chini ya mguu wa kitanda.

Tena Windows mpya inaweza kuzidisha tatizo. Kadi nyingi za mtandao (sehemu ya kompyuta inayopokea kebo) kwenye bodi za karibuni, hasa zile za 2.5 Gbps, hazina draiva, yaani programu ya kuziendesha, ndani ya flashi ya Windows 10. Unamaliza kuinstoli, unakuta kadi haitambuliki kabisa, na draiva yenyewe iko kwenye intaneti usiyoweza kuifikia. Windows 11 Home ndiyo inakwama zaidi, kwani inadai intaneti katikati ya kuiandaa, kabla hujafika kwenye deskitopu. Kwa hiyo hata siku ambayo kupiga Windows ni lazima kweli, weka kwanza draiva ya kadi ya mtandao kwenye flashi nyingine. Fundi asiyekukumbusha hilo, muulize mwenyewe.

Ukweli ni kwamba uchunguzi unaanzia kwenye tundu. Angalia taa ya pale kebo inapoingia, upande wa kompyuta na upande wa ruta. Kama haiwaki popote, usiguse programu yoyote. Hamishia kebo tundu jingine la ruta. Ikigoma, jaribu kebo nyingine. Ikigoma tena, chomeka kebo hiyo kwenye kompyuta ya jirani. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo mtandao ukarudi, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na wiki ijayo utakirudisha kazini.

Taa ikiwaka, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri kwenye Windows) uandike ipconfig, uone anwani ya IP ya kompyuta yako, yaani namba yake kwenye mtandao. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kuomba na kukosa jibu la ruta. Zima ruta, subiri kidogo, iwashe, kisha andika ipconfig /renew. Ukiona anwani kama 192.168.1.20, ruta imejibu. Sasa piga ping (andika ping na anwani, uone kama jibu linarudi) kwa ruta yenyewe, ambayo anwani yake ipconfig inaionyesha kama Default Gateway, halafu kwa 8.8.8.8, seva ya Google iliyoko kwenye intaneti, halafu kwa jina la tovuti. Ping ya 8.8.8.8 ikirudi na jina likagoma, angalia DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani. Na kama kompyuta ilitoka ofisini, kagua kama kuna mtu aliwahi kuiandikia anwani ya IP kwa mkono. Irudishe kwenye mfumo wa kupokea anwani yenyewe na mara nyingi kazi imeisha.

Kadi isipoonekana kabisa kwenye Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows), zima kompyuta, chomoa waya wa umeme (laptopu yenye betri inayotoka, toa na betri), shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha rudisha umeme. Bado haionekani? Washa mashine kwa Ubuntu, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye flashi, bila kuinstoli chochote. Ubuntu ikipata mtandao, hapo sasa tunaweza kuilaumu Windows, na bado unaanza na draiva na kureseti mipangilio ya mtandao. Ubuntu nayo isipoiona, uwezekano mkubwa kadi imekufa, na adapta ya Etheneti ya USB itakutosha.

“Taa inawaka, basi kebo ni nzima.”

Si lazima. Mtandao wa 100 Mbps unatumia nyaya 4 tu kati ya 8. Wa 1 Gbps unahitaji zote. Waya mmoja ukikatika, taa inaweza kuendelea kuwaka huku kasi imeshuka au mtandao unaingia na kutoka.

“Kebo ni mpya, haiwezi kuwa mbovu.”

Kebo nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba, na zikikunjwa hukatika ndani bila ganda kuonyesha jeraha. Kuna pia zile ambazo watu wanabana plagi wenyewe. Wanapanga rangi za nyaya wanavyotaka, ili mradi pande zote mbili zifanane. Haitoshi! Pini ya 3 na ya 6 lazima ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja, la sivyo mawimbi yanaingiliana na kebo ndefu inasumbua. Fuata mpangilio wa rangi uitwao T568B na kebo isizidi mita 100.

“WiFi inafanya kazi, basi kosa ni la kompyuta.”

WiFi inathibitisha kwamba ruta iko hai na laini ya kampuni inaleta intaneti. Kuhusu kebo yako na tundu lake haisemi lolote.

“Nina stabilaiza, radi haiwezi kuniharibia kadi.”

Stabilaiza inasimamia waya wa umeme. Mshtuko wa radi unaweza kupita kwenye kebo ya mtandao, hasa ile iliyovutwa nje kutoka paa moja hadi jingine, ukaua kadi na tundu la ruta kwa pamoja. Msimu wa masika, wingu likianza kujikusanya, chomoa umeme na kebo ya mtandao, vyote viwili.