Mzee, ya pepopunda ulichomwa lini?

Mvua za kwanza zikidondoka huku Mbeya, naanza kupokea miguu yenye vidonda hapa kituo cha afya. Jembe limeteleza, msumari umepenya buti, na shamba lenyewe limetoka kumwagwa samadi. Vijidudu vya pepopunda makao yake ni humo humo, kwenye udongo na kinyesi cha wanyama.

Msimu uliopita alikuja mkulima wa viazi wa upande wa Uyole, mzee wa miaka sitini na kitu, na mkewe. Jembe lilimchana karibu na kidole gumba cha mguu, udongo mweusi umeganda ndani ya kidonda. Nikamuuliza sindano ya pepopunda alichomwa lini.

"Mwaka juzi tu, mwanangu, nilipojikata."

Nikamwomba anieleze alivyochomwa. Siku tano mfululizo, kwenye tako. Basi, nikajua: hiyo ilikuwa penisilini, dawa ya kuua bakteria, siyo chanjo. Chanjo ya pepopunda huchomwa begani mara moja, kisha unaambiwa urudi baada ya wiki nne. Ndiyo maana siku hizi siulizi tu "umechanjwa?" Nauliza wapi mwilini, mara ngapi, na ulikuwa unaumwa nini. Asiye na kadi wala maelezo ya kueleweka namhesabu kuwa hajachanjwa.

Mkewe naye akasema, "Mimi nilichomwa kliniki, mimba zote tano." Nyumba moja, shamba moja, mama ana kinga na baba hana hata dozi moja! Jambo hili linaniuma sana. Mpango wa chanjo wa taifa ulianza 1975, mzee huyu akiwa ameshavuka utoto, na mwanaume hana kliniki ya kumkumbusha. Kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuchanjwa, dozi ni tano: ya pili baada ya wiki nne, ya tatu miezi sita baadaye, kisha mbili zinazoachana mwaka mmoja mmoja.

Nikishafika hapo nauliza pia homa ya ini aina ya B. Watoto wetu walianza kuipata chanjo yake 2002, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawana. Hii napenda tupime damu kwanza; asiye na maambukizi anachomwa leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya ile ya kwanza. Ukichelewa dozi usiogope kurudi, tunaendelea pale ulipoishia. Wapo wanaokaa nyumbani mwaka mzima kwa hofu ya kugombezwa dirishani, na wahudumu wenzangu, hofu hiyo tumeipanda sisi wenyewe.

Mzee tulimsafisha kidonda kwa maji mengi na sabuni, akachomwa ya kwanza, nikaandika tarehe ya kurudi kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari lake. Wiki ya nne alirudi, daftari limefungwa ndani ya nailoni pamoja na kitambulisho. Nyuma yake walisimama wadogo zake wawili, mikono ya mashati wameshaikunja.