Kaboni ya mpakani: kahawa haimo, boliti zimo

Tangu Januari 2026 dawati letu linapokea swali lile lile: "Ni kweli Ulaya sasa inatoza kaboni kwa kila kitu?" Si kila kitu. Utaratibu huu wa Umoja wa Ulaya (CBAM), unaotoza gharama ya hewa ukaa iliyotoka wakati bidhaa zinazoingizwa zilipotengenezwa, unagusa saruji, chuma, aluminiamu, mbolea, umeme na hidrojeni, basi. Kahawa haimo. Mambo ya kahawa na ukataji wa misitu yana kanuni yake nyingine kabisa, tafadhali msizichanganye.

Boliti na nati za chuma, kwa upande mwingine, zimo.

Mwenye wajibu ni mwagizaji aliye ndani ya Umoja. Ndiye anayeomba idhini, anayewasilisha tamko kufikia Septemba 30 ya mwaka unaofuata, na anayenunua vyeti vya kaboni na kuvisalimisha kwa mamlaka, kimoja kwa kila tani ya hewa ukaa iliyotoka wakati bidhaa inatengenezwa. Vyeti vya mizigo ya 2026 vitaanza kuuzwa Februari 2027. Vikipungua, faini ni euro 100 kwa kila kimoja, pamoja na nyongeza ya mfumuko wa bei. Aliyepungukiwa vyeti 10 atalipa euro 1,000 na ushee, na vile 10 bado anadaiwa. Faini haifuti deni, na hili tumeshalisema mara nyingi. Anayeingiza mzigo bila idhini anaweza kutozwa mara 3 hadi 5 ya kiwango hicho.

Msamaha upo kwa asiyezidi tani 50 kwa mwaka, isipokuwa kwa umeme na hidrojeni. Lakini hizo ni tani za mwagizaji, si za kontena lako. Wewe umemuuzia tani 20 za boliti, muuzaji mwingine 31. Amevuka, na hesabu inarudi hadi tani ya kwanza ya mwaka ule. Kugawanya mzigo vipande vipande hakusaidii.

Kiwanda kitaombwa takwimu: mafuta yaliyochomwa, malighafi iliyonunuliwa na ilikotoka. Umeme uliotumika huhesabiwa kwa saruji na mbolea, si kwa chuma. Msipozitoa, mwagizaji atatumia viwango vya jumla vilivyopangwa, na kwa kawaida hivyo ni vya juu kuliko hali halisi ya kiwanda kinachojitahidi.

Na hapana, miti mliyopanda haipunguzi chochote hapa. Kinachokatwa ni bei ya kaboni iliyolipwa kweli kule bidhaa ilikotengenezwa, na uthibitisho wa malipo uwepo.