Je, wajua kwa nini wachora ramani wa mtandaoni hugombania hadhi ya barabara?

Ukifungua historia ya barabara kubwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, unaweza kukuta imehaririwa mara nyingi bila hata kona yake moja kusogezwa. Kinachobadilika ni hadhi tu. Huyu kaipandisha, yule kaishusha, wa tatu kairudisha ilipokuwa na kuacha maelezo mafupi yenye hasira.

Kila barabara kwenye ramani hiyo hupewa hadhi moja tu. Juu kabisa zipo barabara za mwendo kasi, zile za kuingia na kutoka kwa michepuko maalumu. Zinafuata barabara kuu, kisha ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, halafu barabara ndogo za kuunganisha vijiji, mitaa ya makazi, na njia za mashambani. Mpangilio huu una kwao. Steve Coast alianzisha mradi huu Uingereza mwaka 2004, na ngazi zikafuata barabara za huko, ambazo namba zake huanza na herufi: za M (za mwendo kasi), za A na za B. Kule ubishi ulikuwa mdogo kwa sababu serikali ilishaamua. Barabara ya A yenye vibao vya kijani iko juu ya ile ya A yenye vibao vyeupe, na ya B iko chini ya zote mbili. Mchoraji anasoma kibao, anaandika, yamekwisha.

Mfumo ulipovuka mipaka, kila nchi ilibidi ijiulize kipimo chake ni kipi. Wapo wanaosema fuata sheria: namba na hadhi iliyotolewa na serikali. Wapo wanaoangalia umbo: njia ngapi, kuna ukuta katikati au hakuna, lami au vumbi. Na wapo wanaouliza barabara inafanya kazi gani, yaani inaunganisha miji gani na kama kuna nyingine ya kupita. Barabara moja inaweza kupata majibu matatu tofauti, na kisanduku cha kujaza ni kimoja.

Marekani ilionja hilo kwa muda mrefu. Kundi moja lilitaka ngazi ya barabara kuu iwe ya zile pana zilizotenganishwa katikati. Matokeo yake ni vipande: kilomita chache za barabara kuu, kisha inashuka hadhi, kisha inapanda tena, ingawa dereva yuko safari moja ileile. Kundi jingine likasema ramani ya namna hiyo haimwonyeshi msafiri njia kuu ya kutoka mji huu kwenda mwingine. Hoja ya pili ndiyo iliyokuja kupata nguvu, na kwa maoni yangu ilistahili.

Ugomvi wenye madhara zaidi, hata hivyo, uko chini ya ngazi, kwenye barabara za vumbi. Mchoraji aliye mbali anatazama picha ya satelaiti, anaona mstari wa kahawia kati ya mashamba, anaandika njia ya shamba. Kumbe ndiyo barabara pekee ya kijiji, inapita mabasi na malori ya mazao. Programu nyingi za kuelekeza magari huepuka njia za shamba, na mojawapo, OSRM, kwa mipangilio yake ya kawaida haizipitishii gari. Kwa hiyo kijiji kipo kwenye ramani lakini hakifikiki. Ndiyo maana mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya Afrika unasisitiza kuwa hadhi ifuate umuhimu wa barabara, na habari ya lami au udongo iandikwe kwenye lebo yake ya pembeni. Lebo hiyo ipo, na ya idadi ya njia ipo, na ya kikomo cha mwendo pia. Anayeshusha hadhi ya barabara kwa sababu ina mashimo anaandika jambo la kweli mahali pasipo pake.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Marekani ilipoingizwa kwa mkupuo mwaka 2007 na 2008 kutoka data za ofisi ya sensa, njia nyingi za mashambani na misituni zilijikuta mitaa ya makazi, na watu wamekuwa wakizisahihisha moja moja tangu hapo.

Hadhi ndiyo inayoamua barabara ionekane kuanzia umbali gani na kwa rangi gani, na pasipoandikwa kikomo cha mwendo, programu hukisia kutoka kwenye hadhi hiyohiyo. OSRM huikadiria barabara ya ngazi ya kwanza kilomita 65 kwa saa na mtaa wa makazi 25. Ipandishe barabara bila sababu, na malori yataelekezwa huko. Tuseme ukweli lakini: wengine wanataka tu mji wao uguswe na mstari mnene.

Wakishindwa kuelewana, jamii ya wachoraji wa nchi husika huandika mwongozo wao. Anayeendelea kuvutana anaweza kushitakiwa kwa kikundi cha wakfu wa OpenStreetMap kinachoshughulikia migogoro ya data, chenye uwezo wa kumfungia asihariri kwa muda. Hata hapo mwongozo haumalizi kila kitu. Ikijengwa barabara ya kuzunguka mji, ile ya zamani ya katikati hubaki na namba ya serikali huku malori yote yamehamia mpya, na ubishi unaanza upya.